Nani Anafagia Pale? Somo Juu ya Picha za Miji ya Mbali



Kazi moja ya kapita wa shule, ambayo watu wengi hawaifahamu, ni kushika daftari la majina. Mwezi uliopita nilichukua kalamu nyekundu nikapiga mstari juu ya jina la kijana mmoja wa darasa la 5. Hakufukuzwa, hakugonjwa, tena alikuwa amekwisha kulipa masomo yake. Siku moja mbele ya kwenda aliniambia pale nyuma ya jiko: "Kapita, masomo ya nini? Ku Johannesburg kuko kazi. Nilionaka mafoto." Kisha akanionyesha telefone yake. Nyumba ndefu, barabara pana, taa za usiku, kijana mmoja anaegemea gari jekundu. Nyuma ya siku mbili alipita Kasumbalesa. Mama yake amekuja mara mbili kutuuliza kama tumepata habari. Hatujapata.

Ni kwa sababu ya picha ile ninaandika leo. Sitaki kumcheka. Mimi pia niko vile.

Mnakumbuka zoezi ambalo mwalimu wa jeografia alitupa, sisi wa darasa la 6. Kila mmoja achague mji mmoja mkubwa wa inje, halafu aandike ukurasa mmoja juu ya siku moja ya mtu anayekaa pale: anaamka saa gani, maji anapata wapi, anakula nini, anarudi nyumbani kwa njia gani. Tulicheka, tukasema zoezi ni la watoto. Wengi walichagua Paris, wengine Dubai, wengine New York. Mimi nilichagua Bruxelles, maana tuko na ndugu kule. Basi niliandika urefu wa mnara, mwaka wa kuujenga, jina la mfalme, na kwamba mji ni safi sana. Mwalimu alinipa 4 juu ya 10. Chini ya karatasi aliandika neno moja tu kwa kalamu yake: "Nani anafagia?"

Nilikasirika. Lakini swali lile halikunitoka kichwani, na jibu, kumbe, lilikuwa ndani ya jamaa yangu.

Pale kwetu sebuleni, juu ya televizyo, kuna picha ya yaya yangu, mtoto wa baba mukubwa. Amesimama mbele ya Atomium ya Bruxelles, amevaa koti refu jeusi, mikono ndani ya mifuko, anatazama mbali kama mtu mwenye kazi nyingi. Nilikua na picha ile. Wageni wakiingia, baba anawaonyesha mbele ya kuwapa kiti. Watoto wa avenue yetu walikuja kuitazama. Jamaa ilipotoa feza ya ticket yake, iliuza kiwanja kule ku Panda, na hakuna mtu aliyejuta, kwa sababu picha ilikuja na ikalipa deni lote.

Kwanza nieleze Atomium ni kitu gani, maana inatuhusu sisi watu wa Likasi kuliko watu wengine wa dunia, na katika picha jambo hili halionekani. Ilijengwa kwa maonyesho makubwa ya dunia ya mwaka 1958. Ina urefu wa metre 102 na mipira 9 ya chuma, nao umepangwa sawa na atom za chuma zinavyopangwa, lakini umekuzwa mara bilioni 165. Wabelgiji walitaka kuonyesha kwamba wakati wa nguvu za atom umefika. Sasa, nguvu zile zilitoka wapi? Sehemu kubwa ya uranium ambayo Wamarekani walitumia kutengeneza mabomu yao ya kwanza ilichimbwa Shinkolobwe, karibu kilometre 20 kutoka hapa tunapoketi. Bomu la Hiroshima lilianguka tarehe 6 mwezi wa 8 mwaka 1945. Babu zetu waliobeba mawe yale hawakuambiwa yanakwenda kufanya nini. Basi yaya yangu alisafiri mbali sana, akaenda kupigwa picha mbele ya ukumbusho wa kitu kilichoanza karibu na mashamba ya kwao, na yeye hakujua. Wala sisi tuliokuwa tunaitazama kila jioni hatukujua.

Katika maonyesho yale ya 1958 kulikuwa pia kijiji cha Wakongomani. Watu wetu walikaa ndani ya uzio, wakichonga na kusuka mbele ya wageni, na wageni wengine waliwatukana na kuwatupia vyakula kama mtu anavyotupia nyama wa porini. Wakongomani wale walichoka na mambo hayo, wakarudi kwao mbele ya maonyesho kwisha. Haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 1897 watu 267 walipelekwa kutoka Kongo mpaka Tervuren, karibu na Bruxelles, waonyeshwe vile vile, na 7 walikufa kule. Makaburi yao yako Tervuren hata leo. Kwa hiyo tusifikiri kwamba ni sisi peke yetu tunaodanganywa na picha za mbali. Watu wa Bruxelles nao walitengenezewa picha ya Kongo, wakalipa tiketi kuitazama.

Turudi kwa swali la mwalimu. Nilituma ujumbe kwa yaya. Nilimwandikia: "Yaya, shikamoo. Niko na zoezi la masomo. Huko Bruxelles ni nani anafagiaka?" Sikupata jibu siku tatu, nikafikiri nimemkosea heshima. Siku ya nne usiku alituma sauti yake, dakika karibu 20. Niliisikiliza chini ya blanketi ili nisiamshe wadogo zangu. Mwanzo wake ni huu, naandika kama alivyosema:

"Mudogo, ni miye. Miye njo nafagiaka. Nafagiaka mabiro, usiku, wakati benyewe banalala. Na ile koti haikukuwa yangu, rafiki alinikopesha, tuliivaa batu bane siku moja, kila mutu foto yake."

Watu wanne, koti moja. Nilicheka, halafu nikanyamaza.

Yeye anaamka mbele ya saa ambayo hata jogoo wa kwetu hajafikiri kuamka. Anachukua basi ya usiku, ndani yake wamejaa watu sawa naye: Wakongomani, Wamaroko, Wareno, Wabrazili, kila mmoja na mfuko wake wa chakula. Watu wa mji wakiingia ofisini wanakuta meza zinang'aa, hawajui mkono uliopita. Mwezi wa 12 mchana wa kule ni karibu saa 8 tu. Anaingia kazini katika giza, analala mchana, anaamka jua limekwisha kushuka. Alisema kuna majuma mazima hajaliona jua, na kwamba hakuna mtu aliyemwambia jambo hili mbele ya kupanda ndege. Chumba chake cha kwanza kilikuwa kimoja, walikaa watatu, na feza ya kulipa nyumba ilimeza zaidi ya nusu ya mshahara wake. Alikwenda na diplome d'État yake ndani ya mfuko wa plastiki. Kule haikubaliwi hivi hivi: lazima kwanza serikali yao iipime na kuandika kama inalingana na ya kwao. Karatasi zile zilichelewa, na tumbo halingoji karatasi.

Sasa niwaambie juu ya mji wenyewe, ule tuliousoma kuwa ni safi. Kuna sanamu ndogo ya mtoto anayekojoa, Manneken-Pis, iko katika vitabu vingi vya Kifaransa. Mimi nilifikiri ina ukubwa wa mtu. Kumbe ina sentimetre karibu 55 tu, inafika karibu na magoti ya kapita wenu. Tena ile iliyo pale barabarani ni mfano. Sanamu ya kweli imewekwa ndani ya nyumba ya makumbusho. Wageni wanatoka mbali, wanafika, wanaitazama, wanatazamana.

Na mto je? Mji huu mkubwa una mto wake, Senne, lakini ukiwa katikati ya mji hutauona. Katika karne ya 19 ulikuwa unanuka na kuleta kolera, basi wakaanza kuufunika mwaka 1867, wakajenga barabara nzuri juu yake. Ni barabara zile ambazo zimo katika kadi za posta. Lakini maji machafu yaliendelea kuingia mtoni chini ya barabara bila kusafishwa. Kiwanda cha kwanza cha kuyasafisha kilifunguliwa mwaka 2000, na cha pili, kikubwa zaidi, mwaka 2007. Nilisoma habari hizi mara mbili, maana sikuamini. Mji ambao mimi niliuandika "safi sana", mbele ya mwaka 2000 ulikuwa unamwaga choo chake chote mtoni, na makao makuu ya Ulaya yamekaa hapo hapo juu.

Juu ya Matonge sitasema mengi, kila mtu anaijua kwa sifa. Ni mtaa wa Ixelles, karibu na Porte de Namur, na uliitwa hivyo kwa kufuata Matonge ya Kinshasa. Yaya anasema pale unapata sombe, makayabo na vinyozi, na tangu tarehe 30 mwezi wa 6 mwaka 2018 kuna kiwanja kidogo chenye jina la Patrice Lumumba. Lakini wengi wanaofanya soko pale hawalali pale, maana nyumba ni ghali. Wanakuja, wanauza, wanasalimiana, wanarudi mbali.

Paris nitapita haraka, maana wenzangu waliandika mengi, hata kuhusu manukato. Mnara wa Eiffel ni wa 1889, mnalijua. Jambo ambalo hamkuandika ni kwamba mnara ule hula kutu kama bati la nyumba zetu, na karibu kila miaka 7 watu wanapanda juu na brosi mikononi kuupaka rangi, tani 60 hivi. Mto wao wa Seine, ule wa picha za wachumba, ulikatazwa kuogelewa tangu 1923; watu wote waliruhusiwa tena mwaka 2025, katika fasi zilizochaguliwa. Tena kuna daktari mmoja Mjapani, Hiroaki Ota, aliyefanya kazi Paris. Aliona wageni wa kwao wanaogonjwa kichwa kwa kukuta mji hauko sawa na ule walioota, na ugonjwa ule ukapewa jina la mji. Wajapani wale walikuwa na feza ya hoteli na ticket ya kurudi. Fikirini mwenye kufika bila vitu hivyo viwili.

Lakini kijana wetu hakwenda Ulaya, alikwenda Johannesburg, na huko picha inatoka karibu zaidi. Mtu anapita Zambia, anapita Zimbabwe, anavuka Beitbridge, anafika kwa basi na malori. Mji ule ni mkubwa kweli, una utajiri wa kweli, ulizaliwa juu ya zahabu mwaka 1886 kama sisi tulivyozaliwa juu ya shaba. Katika picha aliyonionyesha niliona mnara mmoja mviringo, wenye maandishi ya taa juu. Jina lake Ponte, metre 173, ulimalizika mwaka 1975. Ndani yake katikati uko wazi kama bomba. Miaka ile mji wa kati ulipoharibika, wakaaji walikuwa wanatupa takataka katika shimo lile, nazo zikapanda juu gorofa kwa gorofa. Baadaye walisafisha, leo watu wanakaa vizuri na watalii wanatembezwa. Lakini gorofa nyingine za kati zimeachwa na wenyewe, na maskini wamejaa ndani, wenyeji na wageni pamoja. Katika gorofa moja ya namna hiyo, mtaa wa Marshalltown, moto uliwaka usiku wa tarehe 31 mwezi wa 8 mwaka 2023, ukaua watu zaidi ya 70. Na mwaka 2008 watu 62 waliuawa katika Afrika Kusini wakati makundi yalipowashambulia wageni. Juu ya umeme, sisi tunaojua giza tusidhani tunalikimbia: mwaka 2023 umeme wa kule ulikatwa kwa zamu karibu kila siku, ingawa tangu 2024 umekuwa afadhali sana.

Nilipomsomea rafiki yangu wa chumba maneno haya, akasema: "Kapita, weye unataka tukae huku tu. Unaogopesha batu." Hapana. Nilimwuliza yaya swali lile lile: basi utarudi? Akajibu bila kufikiri: "Nirudi kufanya nini? Huku mayi iko kila siku. Batoto banasoma. Mutoto akigonjwa, munganga anamupokea, feza tunazungumuza nyuma. Ile njo haionekanake mu foto."

Maneno yake yalinishangaza kuliko yale ya koti. Uzuri wa Bruxelles kwake si Atomium wala Grand-Place. Ni bomba la maji, ni kadi ya munganga, ni basi inayofika kwa dakika iliyoandikwa. Hakuna mtu anayepiga picha ya bomba. Picha inaficha ubaya wa mji, kweli, lakini inaficha na uzuri wake pia, inaacha tu kitu cha kuegemea. Kijana wetu aliyekwenda, kama angejua kitu cha kuuliza, labda angeuliza juu ya karatasi, juu ya kulala, juu ya mshahara wa juma moja na bei ya unga. Labda angekwenda vile vile. Lakini angekwenda na maswali mfukoni. Ninawaza pia kama angengoja diplome yake, lakini mimi nilikuwa na nafasi ya kumwambia pale nyuma ya jiko, nikaishia kusifu gari jekundu.

Naongeza jambo moja juu ya mji wetu. Wazee wanaujua kwa jina la Jadotville, kwa kumbukumbu ya Jean Jadot wa Union Minière, mpaka 1966 ulipopewa jina la Likasi. Kuna kadi za posta za wakati ule: nyumba nyeupe, maua, barabara bila hata karatasi moja chini. Kambo yangu anazitazama na kuguna. Yeye alikuwa anakaa upande mwingine, ule usiokuwa katika kadi, na usiku mtu mweusi hakutembea katika mji wa Wazungu bila karatasi ya ruhusa. Nani alikuwa anafagia barabara zile? Kambo anajua jina la kila mmoja.

Tena mwaka 2016 ilitoka filme juu ya maaskari wa Irlandi, 150 na zaidi, wa Umoja wa Mataifa, waliozungukwa hapa Jadotville mwezi wa 9 mwaka 1961, wakapigana siku kadhaa mpaka wakaishiwa maji na risasi. Ni historia ya kweli, na hakuna aliyekufa kati yao. Watu wengi wa Ulaya na Amerika wamejua jina la mji wetu kwa filme hiyo. Lakini ilipigwa Afrika Kusini. Milima ile si milima yetu, udongo ule si udongo wetu. Wanafikiri wameona Likasi, na wameona fasi nyingine kabisa, yenye nyasi kavu. Mtu mmoja wa kule akipewa zoezi la mwalimu wetu, angepata hata chini ya 4.

Juma lililopita yaya alituma ujumbe mwingine. Watoto wake wawili, waliozaliwa Bruxelles, wanauliza kwao ni wapi. Akaniomba nipige picha ya nyumba, "vile iko tu, mudogo, usitengeneze kitu." Nilitoka asubuhi ya siku ya posho, mwanga ulikuwa mzuri. Mbele ya mlango kulikuwa mabido 6 ya maji yamepangwa, beseni la sahani, na makala ndani ya mfuko. Nikainua telefone. Mama akatoka mbio jikoni, mikono ina unga wa bukari.

"Tosha kwanza ile mabido! Bajukuu batasema nini?"

Nilitaka kumwelezea somo hili lote. Nilimtazama mama, nikaweka telefone mfukoni, nikabeba mabido mawili mawili mpaka nyuma ya nyumba. Mama alifagia mbele ya mlango. Kisha nikapiga picha.